Kadi ya Chumba

Loisi, mwanangu, ndiye aliyelipa:
siku kumi na mbili, kula na kulala humohumo melini.
Mama, akasema, miaka thelathini na minne pale Mvumi
umefungua bandeji za macho ya watu.
Na wewe nenda ukaone kitu.

Treni ya umeme ikanishusha Dar
chai ya kwenye chupa haijapoa,
vumbi la Dodoma bado liko kwenye pindo la gauni.

Ghorofa kumi na moja, na ya juu kabisa
wameweka bwawa la kuogelea.
Nikasimama nikaangalia:
maji juu ya meli, meli juu ya maji,
na watu wameyapa maji mgongo, wanaota jua.
Nikaziona ndoo za jirani yangu Mama Chilewa,
saba, kwenye foleni ya bomba tangu saa tisa usiku,
ya mwisho haina mkono.
Nikaoga upesi, kama mwizi.

Kijana wa usafi alikunja taulo ikawa bata.
Kesho yake ikawa nyani.
Nilishindwa kujifutia nyani.
Nikajikausha kwa khanga yangu,
nyani nikamwacha kitandani, amekaa, ananitazama.

Kila kisiwa kilipewa saa sita.
Kipaza sauti kilirudia: meli haimsubiri mtu.
Tunashuka, ngoma inapigwa,
dafu lina mwavuli wa karatasi,
kofia za ukili, bei ya kwanza, bei ya rafiki.
Bandari ya tatu nikaanza kushuku
kwamba usiku kisiwa kinang'olewa,
kinatutangulia, kinabadilishiwa jina,
na wale wapiga ngoma wanafuta jasho wanaanza upya.

Moroni ndipo nilipokutana na Moinaecha.
Anauza vanila na karafuu kwenye sinia la bati.
Kiswahili changu na Kingazija chake
vilisalimiana kama ndugu waliolelewa mbalimbali,
kila mmoja anamtafuta mwenzake puani na kidevuni.
Sarafu alizihesabu kwa kidole gumba.
Hakuziangalia.
Basi mkono wangu ukaenda wenyewe, wa kazini ule,
ukamshika kidevu, ukamgeuzia jua.

Mtoto wa jicho. La kulia limeiva, la kushoto lingali linaiva.
Meli naiona, akasema,
kama shuka mtu aliyoanika akaisahau.

Basi la ufukweni likaondoka bila mimi.
Nyuma ya tiketi yake, *kuogelea na chakula cha mchana*,
nikaandika kwa herufi kubwa, ajisomee mwanawe:
ni operesheni ndogo, haichukui hata saa moja,
msiseme ni uzee, msimkande kwa majani.
Nikaweka na namba yangu ya simu.
Fedha yangu akaikataa.
Akanifungia vijiti vinne vya vanila kwenye gazeti.
Honi ikalia, nami nikakimbia,
miguu ya miaka sitini na tatu, viatu mkononi.

Sasa niko nyumbani, wananiuliza.
Bahari ikoje? Pana, nasema.
Na visiwa? Vifupi.
Loisi anadai picha. Ninayo moja tu,
jicho, karibu sana, na ukungu wake katikati.
Mama, dola zote zile, umepiga jicho?

Vanila nimeifukia kwenye kopo la sukari.
Mama Chilewa anakunywa chai, anauliza nimebadilisha majani?
Simu kutoka Moroni haijaja.
Labda walimpeleka. Labda tiketi ile ilifungia karafuu.

Kadi ya chumba sikuirudisha, 6114,
nimeichomeka kwenye dirisha lililolegea
upepo huu wa Agosti usiligonge.
Usiku inateleza.
Dirisha linapiga mara moja, mara mbili,
nami naamka natafuta viatu,
nadhani wametangaza kuondoka.